Ukurasa wa Haifa Shingoni mwa Mtoto wa Jirani

Barua yetu ya kwanza Maskati aliiandika mume wangu akiwa amekaa juu ya kasha letu, kwenye uwanja wa forodha, na mimi nimemshikia kidau cha wino. Ilikuwa mwaka sitini na nne, na joto lilikuwa limenivimbisha miguu hata viatu havitoki. Tuliambiwa kila familia iliyotoka Unguja ieleze kwa maandishi imekuja kwa kusudi gani. Mume wangu aliandika kwa Kiarabu kizuri: kwa madhumuni ya kurejea katika ardhi ya wazee wetu na kuishi chini ya kivuli cha mtawala wake. Nikamwambia kwa nini usiseme tu tumekuja ili tusiuawe. Akanikata jicho, akasema karatasi za serikali haziandikwi hivyo, na mwanamke akishika wino ashike wino tu.

Nikashika wino. Somo hilo la namna mbili za kulisema kusudi nilikuwa nimeshafundishwa na mtu mkali kuliko yeye, kwa lugha ambayo pale forodhani haikuwa ya kutamkwa hata kwa kunong'ona. Daftari la somo lenyewe lilikuwa ndani ya kasha alilolikalia. Yeye alidhani liko chini ya bahari.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Kabla ya uhuru wa Unguja niliteuliwa kwenda kusoma miezi minane Haifa, katika nchi ya Mayahudi. Wakati ule haikuwa siri wala aibu. Walikuwapo wanawake kutoka Kenya, Tanganyika na Ghana, tukisoma kwa Kiingereza mchana na tukijifunza Kiebrania jioni. Baba yangu aliuliza kama kuna chakula cha halali, akaambiwa samaki tele, akatia sahihi.

Mwalimu wetu alikuwa bibi mfupi, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na hakuwa na mchezo. Kila somo, hata la kuimba, alitaka kusudi lake liandikwe mara mbili juu ya ukurasa. Mstari wa juu ulikuwa wa mkaguzi. Huo ulianza na *al menat*, maneno mazito ya ofisini, kama sisi tunavyosema "kwa madhumuni ya." Mstari wa chini ulikuwa wa mtoto, kwa maneno ambayo mama angeyasema jikoni: *bo'u, she'ar'e lakhem*, njooni nikuonesheni. Ukiandika wa juu ukasahau wa chini alikurudishia daftari bila kulisoma, na mimi alinirudishia mara nne. Alisema anayeweza kumwambia mkaguzi kusudi lake na hawezi kumwambia mtoto, basi huyo anafuata mshahara. Chini ya mistari hiyo tulipiga jadwali, vyumba vya mraba vyenye dakika na kazi: tano, kumi, kumi na tano. Herufi zao za mwandiko wa mkono zilinishinda, kwa hiyo nikaandika zile kubwa za kitabuni, moja moja, kwa wino mweusi.

Cheti changu kilipotea Unguja pamoja na karibu vyote vilivyokuwa katika nyumba yetu. Daftari nililikuta chini ya godoro siku ya kuondoka. Mume wangu alipoliona tukiwa chomboni alinishika mkono mpaka ukauma. "Tunakwenda uarabuni na kitabu cha Mayahudi? Wewe una akili? Litupe." Nikasema nitalitupa. Siku ya pili nikamwambia nimelitupa.

Sikulitupa, na mpaka leo nikijiuliza kwa nini, jibu langu ni kiburi. Katika karatasi zote za duniani ile tu ndiyo iliyoonesha kwamba mimi ni mwalimu. Nililificha mahali ambapo nilijua hapana mkono utakaofika: katikati ya mikunjo ya sanda ya Shangazi.

Shangazi alikuwa shangazi yake mume wangu, mjane, tumetoka naye Unguja. Kama wazee wengi wa kwetu alikuwa na sanda yake tayari. Aliletewa kutoka Makka na kaka yake, yaani marehemu baba mkwe wangu, ikiwa imechovywa maji ya Zamzam, na tangu siku hiyo imekaa kashani ikimngoja. Mtu hapekui sanda ya mwenzake. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Tulipewa ruhusa ya kukaa, tukapanga nyumba ndogo ndani ya ukuta wa mji. Mume wangu akapata kazi ya ukarani katika duka la nguo Mutrah. Maskati ya miaka ile mtu aliomba ruhusa kwa kila kitu: kusafiri, kuleta gari, kuongeza chumba. Watu wa Unguja tulitazamwa kwa jicho la pembeni, na tulisikia kwamba mtu wa kwetu aliyekutwa na magazeti yasiyotakiwa alipandishwa meli yeye, mkewe na watoto wake. Sijui kama ilikuwa kweli, lakini niliamini. Kutoka juu ya dari letu niliiona ngome iliyokuwa jela, na kila nilipoanika nguo niliipa mgongo. Tukifukuzwa hapa hatukuwa na pengine pa kwenda. Unguja milango imefungwa, na kwengine hatujulikani.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa askari wa lango la mji. Mbaluchi mrefu, mpole, hajui kusoma. Mkewe alizaliwa Unguja akaletwa huku mdogo kuolewa, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina utoto ndani yake, jambo lililomfurahisha sana Shangazi. Walikuwa na binti mmoja. Mwaka sitini na saba, binti akiwa na miaka minne, alianza kupata homa. Kila siku alasiri ilimpanda, kila siku baada ya Isha ikamwacha, na mtoto akabaki macho matupu.

Siku moja nilirudi kisimani nikamkuta Shangazi uani, sanda yake imetandazwa juu ya kamba, naye amekaa chini yake anatabasamu. Kila mwaka aliianika mara moja isiote ukungu. Mimi siku zote nilijua siku yake, nikilitoa daftari mapema. Mwaka ule akaianika kabla ya siku hiyo.

"Mtoto wa jirani kapata dawa," alinambia.

"Dawa gani, Shangazi?"

"Ya marehemu kaka. Ee mwanangu, kaka yangu alikuwa mtu wa siri! Kanitilia kitabu kizima cha talasimu mle sandani, nami sijui miaka yote hii. Kila mwaka naianika na mikunjo yake; leo nimeikung'uta, kikadondoka. Maandishi ya kizamani, yale ya nabii Suleimani. Nimempa mama yake karatasi moja akamtengenezee mwanawe hirizi."

Nikaweka mtungi chini. Nakumbuka niliuweka vizuri, kisha nikakaa pale pale kwenye maji yaliyomwagika.

"Umempa karatasi ipi?"

"Ile yenye jadwali. N'lichagua mwenyewe. Ina vyumba na nambari, imekamilika. Nikaichana kwa bismillahi. Una nini weye? Mbona umekaa majini?"

Nikamwambia jua limenipiga. Alinipepea kwa ncha ya sanda, maskini, na mimi nikatamani aniache.

Wallahi nilimkasirikia mno siku ile, na kosa lilikuwa langu. Ningesema nini? Nikimwambia kitabu ni changu, angemwuliza mume wangu, na mume wangu angejua nimemdanganya miaka mitatu, tena nikaificha lugha ya Mayahudi ndani ya sanda ya mzazi wake. Nikimwendea jirani kuidai karatasi, angeuliza kwa nini, na yeye ni mke wa askari. Nikajaribu njia ya katikati. Nikamwambia Shangazi tuiombe irudi, huenda marehemu hakutaka itawanywe.

"Dawa hairudishwi," alisema. "Tena muulize leo mtoto ameshindaje."

Mtoto alishinda vizuri. Homa ilimwacha siku ya tatu. Huenda ingemwacha vyovyote vile, lakini nani angemwambia hivyo mama yake? Alikuja kwetu na sahani ya halua, akambusu Shangazi kichwani, na akatutangazia kwamba karatasi haitakaa kwenye kitambaa. Imepelekwa kwa sonara Mutrah ikatiwe ndani ya fedha, na mumewe mwenyewe ataifuata Alkhamisi.

Hapo ndipo hofu ilipokaa. Sonara yule nilimjua. Mume wangu alikuwa amenisimulia habari zake: alijifunza kazi Yemeni, na katika miji ile mafundi wa fedha, takriban wote, walikuwa Mayahudi. Mtu aliyekaa miaka na mwalimu wake benchi moja amekwishaziona herufi zake, hata kama hajui kuzisoma. Shangazi aliona nabii Suleimani, jirani akaona dawa, lakini sonara ataona kitu chenyewe. Na karatasi atamkabidhi nani? Askari.

Kutoka Jumatatu hadi Alkhamisi niliishi kwa kusikiliza mlango. Nilipika, nikafua, nikajibu nilipoitwa. Kila kilipolia kitasa cha mlango wa nje nilikwenda kuchungulia. Alkhamisi alasiri nilimsikia askari anapita barazani, nikaweka sikio ukutani. Mtoto alicheka, mama yake akapiga kigelegele kidogo, basi.

Asubuhi nililetewa hirizi niione. Ilikuwa nzuri, urefu wa kidole, imenakshiwa, ina minyororo midogo chini. Hirizi za huku zina kifuniko upande mmoja. Unakivuta, unatoa karatasi, unatia nyengine. Hii haikuwa na kifuniko. Pande zote mbili zilikuwa zimelehemiwa, na lehemu yenyewe nene, mbaya, kazi ya haraka.

"Mbona haifunguki?" nikauliza.

"Mume wangu kataka hivyo," alisema jirani. "Kasema isiguswe na mtu."

Nikaigeuzageuza mkononi. Nilikuwa nimetazama daftarini ni ukurasa gani umechanwa, kwa hiyo nilijua kilichomo, mstari kwa mstari, na sikuweza kukitoa. Nikawaza: askari amejua. Ameifunga ili ushahidi usipotee.

Tangu siku hiyo askari alibadilika. Zamani alikuwa akipita mlangoni petu anasalimia, anaulizia hali ya Shangazi, anasimama kidogo kutania. Sasa akiniona aliinamisha uso na kupita upesi. Na langoni, ambako wanawake wa mjini tulitoka kwenda kuteka maji bila kuulizwa kitu, akaanza kuniuliza mimi.

"Gharadhi?"

Neno moja tu. Kusudi lako.

"Nakwenda kisimani, ndugu yangu, nikateke maji."

Akitazama mtungi, akitazama njia ya bonde la Wadi Kabir, kisha akipisha. Kesho yake tena, "Gharadhi?" Wenzangu wakacheka, wakasema askari amepata wazimu, mtu na mtungi mtupu begani anakwenda kufanya nini kama si maji. Nikacheka nao. Nilikuwa nikirudi nyumbani kanga imelowa mgongoni, na mtungi haujajaa, kwa haraka ya kulipita lango.

Katikati ya mwaka ule vita vya Waarabu na Mayahudi vikaja na kwisha kabla hatujavielewa. Mume wangu alizisikia habari kwenye redio ya tajiri wake, nyuma ya duka, akarudi na uso umemkauka. Watu wanalia sokoni, alisema. Wanasema kila mji wa Waarabu una jasusi wao, ndiyo maana wameshindwa. Akala matonge mawili, akasukuma sahani.

"Lile daftari," akanambia kwa sauti ya chini, "ulilitupa wapi hasa?"

"Baharini. Siku ya pili."

"Lilizama?"

"Lilizama."

"Alhamdulillahi," akasema, na akalala mchana ule kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nilikaa kando yake nikimtazama anavyolala. Yeye akifungwa, atafungwa kwa kitu ambacho alikwisha kukikataa. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Nikaamua kulichoma. Shangazi nilimwambia nimekizungushia kitabu cha marehemu kitambaa cha kijani na kukirudisha chini kabisa ya kasha, asikiguse, baraka itapungua. Alifurahi. Kila asubuhi, nikiwasha moto wa mkate, nilichana kurasa tano sita nikazitia chini ya kuni. Nilizisoma kwanza. Somo la rangi. Somo la kupanga mstari. Somo la mtoto anayelilia mama yake siku ya kwanza. Pale chini nilikuwa nimeandika maneno manne tu, na bibi yule wa Haifa alikuwa ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu akaandika "vizuri." Ukurasa huo niliushika muda mrefu, mpaka moto ukaanza kufa. Kisha nikautia.

Siku ya tatu upepo uliingia jikoni kwa kishindo. Kipande cha karatasi kilichoungua nusu kikaruka, kikazunguka uani, kikapanda na kuvuka ukuta wa jirani.

Nikapindua kinu, nikakipanda, nikachungulia. Askari alikuwa amekaa kwenye jamvi, kikombe cha kahawa mkononi, siku yake ya mapumziko. Kipande kilikuwa mbele yake mchangani, cheusi ukingoni, cheupe kati, na herufi zangu mbili kubwa zimesalia wazi. Alikitazama. Kisha akanyanyua mguu polepole akakikanyaga, na mguu ukabaki pale pale juu yake. Akainua macho ukutani.

Macho yetu yalikutana. Nikashuka.

Nilifunga kifurushi siku ile: kanga mbili, sabuni, kikoi cha mume wangu, na juu yake nikaweka sanda ya Shangazi, kwa sababu nilijua hatakubali kuiacha. Nikakiweka nyuma ya mlango. Mume wangu aliuliza ni cha nini, nikasema nguo za kushona. Nilingoja wiki waje kutuchukua. Nikangoja mwezi. Hawakuja. Kutokuja kwao kulinitisha zaidi, nikafikiri wanakusanya mengine, wanaandika, wananingoja nikosee mara ya pili. Kifurushi kilikaa nyuma ya mlango miaka mitatu. Mara kwa mara nilikifungua nikabadilisha sabuni iliyokauka.

Na mtoto alikua. Huko ndiko kulikuwa kuzito kuliko kote. Alipenda kuja kwetu, akikaa mapajani mwangu nikimsuka, na hirizi ikining'inia mbele ya macho yangu. Nilimfundisha kuhesabu kwa kokwa za tende. Alikuwa mwepesi wa kushika. Wakati mwengine nilijisahau nikawa mwalimu nusu saa nzima, nikicheka naye, kisha minyororo ile ya fedha ikalia nikakumbuka.

Mwaka wa sabini mtawala alibadilika. Watu walicheza barabarani, redio zikatolewa makabatini, na lango la mji likaachwa wazi usiku. Haikupita muda tukasikia shule ya wasichana itafunguliwa na wanawake waliosoma wanatafutwa. Mume wangu ndiye aliyenisukuma niende. Karani aliyetuandikisha alikuwa kijana mchangamfu, mgeni, ana haraka.

"Ulifundisha wapi?"

"Unguja."

"Na ualimu ulisomea wapi?"

Nilifungua mdomo. Sikukusudia kudanganya, hapakuwa tena na sababu ya kudanganya kwa namna ile, lakini ulimi ukaenda peke yake.

"Hapo hapo," nikasema.

"Vyeti?"

"Viliungua."

Akaandika msaidizi, mshahara wa msaidizi, akaita anayefuata.

Asubuhi ya kwanza baba wengi walileta binti zao wenyewe, wamewashika mikono kwa nguvu kana kwamba watu watawanyang'anya. Askari alikuja wa mwisho. Binti alikuwa na miaka saba, nguo mpya, nywele zimepakwa mafuta, hirizi juu ya kifua. Alimwambia aingie ndani, yeye akabaki mbele yangu, uso umeinama. Alizungumza Kiarabu, na maneno yake nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka.

"Dada yangu, nna neno. Nimelibeba miaka mitatu, limenichosha."

Nilitazama nyuma yangu mlango ulipo.

"Sonara aliniambia," alisema. "Siku ile niliyoifuata hirizi. Alinambia hizi ni herufi za Mayahudi, unamvika nini mwanao? Nikamwambia ilehemu. Ilehemu kote kote, na wewe hukuona kitu."

"Kwa nini hukuniripoti?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza, akashangaa kweli.

"Nikuripoti? Ningewaambia nini? Wangeuliza, na mwanao amevaa nini? Karatasi ya jasusi imo shingoni mwa mtoto wa askari wa lango! Wangenitia ngomeni kabla yako. Na kumvua sikuweza, mama yake anasema hirizi ndiyo iliyomponya. Nikabaki hapo katikati. Mzee wenu hawezi mambo hayo, nikajua ni yako; nilifikiri umetumwa. Nilifikiri umeiweka kwetu makusudi ili unishike, uniambie nifungue lango siku utakayotaka. Kila ukitoka nilikuuliza unakwenda wapi, nipate kujua kama ndiyo leo."

"Na kile kipande? Ulichokikanyaga?"

"Nilikichimbia. Nilingoja uondoke ukutani, nikachimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilidhani umenirushia."

Nikashika ukingo wa mlango. Mtu huyu mpole, ukuta kwa ukuta, alikuwa akitetemeka upande wake na mimi nikitetemeka upande wangu, na mimi kwa ajili yake nimechoma daftari langu kurasa zote. Nililichoma bure. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa vyote viwili.

"Sasa niambie," alisema. "Kusudi lake nini ile karatasi? Sitomwambia mtu."

Kulikuwa na mistari miwili juu ya ukurasa ule na yote miwili nilikuwa nayo moyoni. Wa juu ulisema kwa madhumuni ya kumjengea mtoto mazoea ya usafi wa mwili wake. Nikamwambia wa chini.

"Watoto, njooni nikuonesheni kunawa mikono."

Alisogea karibu.

"Halafu?"

"Halafu maji dakika tano, sabuni dakika kumi, na kujifuta."

"Basi?"

"Basi, ndugu yangu. Mimi ni mwalimu. Nilisomea kule."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema kwa sauti katika nchi hii. Alianza kucheka, kicheko cha kifuani, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, na kisha nikaona hacheki. "Miaka mitatu," alisema. "Wallahi miaka mitatu."

Alipotulia aligusa kisu kiunoni. "Niifungue? Nikurudishie karatasi yako?"

Nikamfikiria yule karani na neno msaidizi aliloliandika. Ushahidi wangu wote uliobaki ulikuwa ndani ya kidole kile cha fedha, na hata ukitolewa, nitamwonesha nani? Redio bado zilikuwa zinasema yale yale kuhusu nchi ile.

"Iache," nikamwambia. "Mama yake asijue."

"Asijue," alisema, na akaenda zake langoni.

Darasani hakukuwa na madawati, jamvi tu, ndoo ya maji na kipande cha sabuni nilichokitoa kwenye kifurushi cha nyuma ya mlango. Wasichana kumi na wanane walinitazama. Binti wa askari alikuwa wa kwanza kuinuka, akaigeuza hirizi yake mgongoni ili isilowe. Nikawaita kwa Kiarabu, maneno yale yale ya jikoni, njooni nikuonesheni. Niliyasema kwa sauti ndogo, na kabla ya kuyasema niligeuka kwanza kuutazama mlango.